Asasi za mtaani na nyumba za watu wa kipato cha chini: tuanzie wapi ili fedha isiishie kwenye kuta?

#1 Msingi_Imara

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu ni kwa asasi ndogo za mijini, zile zenye ofisi ya vyumba viwili, wafanyakazi watano na wakazi wanaouliza kila mkutano, "hizo nyumba lini?" Asasi nyingi zikipata mfadhili huanza na nyumba ya mfano. Inajengwa, inazinduliwa, inapigwa picha, kisha mradi unakwama hapo. Kuta ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Fundi yupo kila mtaa na simenti ipo kila kona. Kinachoshinda watu ni ardhi iliyopangwa, iliyo karibu na riziki, yenye njia, maji na hati, na fedha ya kuipata kabla bei haijapanda.

Chukueni Chamazi, Temeke. Wakazi wa Kurasini walipotakiwa kupisha upanuzi wa bandari, fidia ilikwenda kwa wenye nyumba. Wapangaji, ambao ndio wengi, hawakuwa na cha kudai. Vikundi vya akiba vilivyo chini ya shirikisho la watu maskini wa mijini, vikisaidiwa na Centre for Community Initiatives (CCI), vilinunua ekari 30 Chamazi kwa takribani shilingi milioni 24, yaani kama laki nane kwa ekari. Angalieni mpangilio: akiba ilitangulia, ardhi ikafuata, ushirika wa nyumba ukaundwa, nyumba zikaja nyuma ya hayo yote. Na angalieni gharama yake pia: ardhi ilikuwa ya bei hiyo kwa sababu ilikuwa mbali na bandari, na riziki ya watu ilikuwa bandarini.

Hesabu ya umbali ifanywe kabla ya kulipa hata senti. Tuseme mtu anatumia 3,000 kwa siku kwenda na kurudi, akibadili gari mara moja. Kwa siku 26 ni 78,000 kwa mwezi. Ikiwa chumba alichokuwa akipanga mjini kilikuwa 50,000, umemhamishia nyumba na kumwongezea mzigo. Atajenga, atapangisha, atarudi mjini kupanga. Halafu tutasema watu hawathamini walichopewa, wakati kosa ni la hesabu yetu.

Naomba tuchangie kwa vipimo na hatua. Kila mwenye fani yake aingie.

#2 MamaHisa

Asante Msingi_Imara. Naingia kwenye fedha, maana huko ndiko vikundi vingi hufia.

VICOBA imeumbwa kwa fedha fupi. Mnanunua hisa, mnakopeshana miezi mitatu, mwisho wa mwaka mnagawana. Huo mgao ndio unaoua ndoto ya kiwanja: kila Desemba mfuko unarudi sifuri, kila Januari mnaanza upya. Msiwakataze watu mgao, wanautegemea kwa ada za shule. Tenganisheni mifuko miwili tangu siku ya kwanza:

Mfuko wa mzunguko: hisa, michango ya jamii na mikopo midogo, unagawanywa kama kawaida.

Mfuko wa ardhi: hauguswi, haukopeshwi, una daftari lake, akaunti yake benki na watia saini watatu. Fedha yake isilale kwenye sanduku la funguo tatu hata wiki moja. Kikundi chenye katiba na usajili kinaweza pia kuiweka UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambako mnaitoa ndani ya siku chache mkipata eneo. Shilingi iliyolala tu inapungua uzito huku bei ya ekari ikipanda.

Hesabu ya mfano. Wanachama 60, kila mmoja 2,000 kwa siku ya kazi, siku 26: ni 52,000 kwa mwezi kwa mtu, 3,120,000 kwa kikundi. Msipange kwa hiyo. Pangeni kwa asilimia 80, kwa sababu kuna mwezi wa mvua, mwezi wa msiba na mwezi wa Januari. Inabaki kama 2,500,000, yaani milioni 30 kwa mwaka. Ikiwa ekari 10 ni milioni 50, mnahitaji miezi 20, na msisahau upimaji na mipango miji juu yake.

Makusanyo yafanyike kila siku au kila wiki, mlangoni, kwa mkusanyaji wa watu kumi kumi. Mama lishe hana 52,000 tarehe 30, ila ana 2,000 jioni ya leo.

Na mkifika kwenye mkopo wa ujenzi, ulizeni riba inapigwa juu ya nini. Mkopo wa 3,000,000, miezi 24, riba ya 2% kwa mwezi: ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 1,440,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, rejesho ni kama 158,600 kwa mwezi na riba yote ni kama 807,000. Mkopo uleule, asilimia ileile, tofauti zaidi ya laki sita. Hizo ni bati za chumba.

#3 Asasi_Changa

Shikamooni wakubwa. Vipi ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Tuna kikundi cha akina mama kinataka kuiombea viwanja.

#4 MamaHisa

Marahaba. Ile ni 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni ya shughuli za kuzalisha kipato. Andiko la kununua viwanja halitapita. Andiko la kiwanda cha matofali linaweza kupita: mashine, eneo la kukaushia, tenki la maji, mtaji wa simenti. Kikundi kinauza matofali sokoni na kwa wanachama wake kwa bei ya jumla. Kwa njia hiyo fedha ya biashara inabaki kuwa ya biashara, na nyumba inafaidika bila udanganyifu. Ila biashara yenyewe isimame kwa miguu yake, maana marejesho hayasubiri nyumba iishe.

#5 Ramani_ya_Mtaa

Nitasema kuhusu sensa ya wakazi na mpango wa eneo.

Sensa kwanza. Bila orodha ya nyumba na watu, asasi inakwenda halmashauri na maneno matupu. Andikeni namba kwenye kila mlango kwa rangi, si kila nyumba, kwa sababu nyumba moja ya Uswahilini ina milango sita na kaya sita. Dodoso lisizidi kurasa mbili: nani anaishi, mpangaji au mwenye nyumba, kodi kiasi gani na inalipwa kwa miezi mingapi, maji yanatoka wapi na ndoo ni bei gani, choo kinatumiwa na kaya ngapi na kinanyonywa vipi, anafanya kazi wapi na anafikaje. Pigeni picha ya kaya mbele ya mlango wenye namba. Kazi yote ya namba na picha kwa eneo moja iishe ndani ya siku moja au mbili. Ikichukua wiki tatu, yatazuka mabanda mapya na majina ya watu wasiokuwepo, kwa kuwa habari ya "kuna mradi" inakimbia. Kisha bandikeni orodha ofisi ya serikali ya mtaa siku saba watu waikosoe hadharani. Wenye nyumba wataogopa kwamba mnahesabu ili kuvunja. Waiteni peke yao kabla ya kuanza, na mmoja wao awe kwenye timu.

Sasa eneo. Ekari 10 ni mita za mraba 40,470. Watu hugawa moja kwa moja kwa ukubwa wa kiwanja na kuahidi viwanja 130. Toeni njia, eneo la wazi, shule au zahanati na mfereji wa mvua. Mara nyingi kama 35% inaondoka. Inabaki 26,300. Kwa kiwanja cha mita za mraba 300 mnapata 87. Kwa nyumba za kuungana, kila moja mita 150, mnapata 175. Kwa hiyo ukubwa wa kiwanja ndio unaoamua nani ataachwa nje, na uamuzi huo ufanywe na wanachama wenyewe, wakiwa wamesimama shambani na kamba, mipaka ikichorwa chini kwa chokaa. Mtu akisimama ndani ya mstatili wa mita 6 kwa 25 anaelewa kuliko akionyeshwa mchoro. Kabla ya kuuchora, muulizeni afisa mipango miji kiwango cha chini kinachokubalika hapo, ili msipeleke mchoro utakaorudishwa.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni uso wa kiwanja barabarani. Kiwanja cha mita 300 kinaweza kuwa 20 kwa 15 kikiwa na uso wa mita 20, au 12 kwa 25 kikiwa na uso wa mita 12. Barabara, bomba la maji, mfereji na nyaya vyote vinalipiwa kwa urefu. Uso wa mita 12 unapunguza urefu huo kwa 40% kwa kila nyumba. Viwanja vyembamba virefu ni ndugu wa maskini.

#6 Kijiji_Huruma

Hamjambo ndugu zangu wa Dar. Naongezea ya Nairobi, kwa sababu huku ardhi ya pembeni haisaidii sana, watu wanataka kubaki palepale.

Kambi Moto, Huruma, ardhi ilikuwa ya jiji. Wakazi walio chini ya Muungano wa Wanavijiji waliweka akiba, wakajihesabu, wakakubaliana na halmashauri ya jiji, wakajenga palepale walipokuwa na vibanda. Kila nyumba ina msingi mdogo wa takribani mita 20 za mraba na inapanda juu. Familia inaanza na chumba cha chini, jiko na choo, inaongeza ghorofa kadiri inavyolipa. Sakafu ya juu ilifanywa kwa laadi, yaani vibao vya zege vinavyomiminwa chini na wanachama wenyewe, vikikauka vinapandishwa juu ya mihimili midogo. Inapunguza mbao za kushikilia zege, ambazo ni pesa nyingi zinazopotea.

Mukuru ni kitu kingine kabisa kwa ukubwa. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, kaya zaidi ya 100,000. Huwezi kuita mkutano wa watu laki. Waliwapanga kwa makundi ya kaya kumi kumi, kila kumi likatoa mjumbe, wajumbe wakaunda makundi makubwa zaidi, na maoni yakapanda ngazi kwa ngazi. Asasi yoyote inaweza kuiga hilo hata kwa mtaa wa kaya 300. Na hoja iliyofungua milango ilikuwa bei: wakazi wa Mukuru walikuwa wakilipa maji na stima ghali zaidi kwa kipimo kimoja kuliko mitaa rasmi. Afisa wa kaunti anaweza kupuuza kilio, lakini namba hizo zilimkalisha chini.

Hasara ya kukaa palepale ni wenye vibanda wasioishi hapo. Wao wanamiliki milango 20 na hawana haja ya mabadiliko. Kama mpango wenu hausemi wao watapata nini, watausimamisha kortini kwa miaka.

#7 FundiTofali

Wakuu, kuta ni rahisi, sawa, lakini ndizo zinazoanguka. Naomba nafasi.

Tofali la saruji la inchi 6 ni sentimita 45 kwa 23 kwa 15, yaani ujazo wa lita 15.5. Mfuko wa kilo 50 ni lita 35 za simenti. Fundi anayekuambia mfuko mmoja unatoa tofali 45 anakupa lita 700 za tofali kutoka lita 35 za simenti. Hilo ni mchanga uliopakwa rangi ya kijivu. Kwa nyumba ya chini msizidi 25 kwa mfuko, ambayo ni kama toroli nane za mchanga, toroli moja ikiwa ndoo tatu za lita 20.

Gharama ya kufanya vizuri ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nyumba ya kuanzia yenye kuta za urefu wa mita 20, kimo 2.7, ukitoa milango na madirisha, ni mita za mraba 46. Tofali kumi kwa mita ya mraba, pamoja na za kuvunjika: 460. Kwa tofali 35 kwa mfuko ni mifuko 13, kwa 25 ni mifuko 18 na nusu. Tofauti mifuko mitano na kidogo. Mfuko ukiwa 16,000, ni kama 85,000. Kwa 85,000 mnanunua ukuta wa miaka mingi badala ya ukuta unaomomonyoka chini ya dirisha mvua ya pili.

Kosa la pili ni maji. Tofali linafyatuliwa asubuhi, linaachwa juani, linauzwa siku ya tatu. Lifunikwe kwa nailoni au magunia, limwagiliwe asubuhi na jioni siku saba bila kukosa, lisipande ukutani kabla ya siku 14. Kipimo cha uwanjani: chukua tofali tano bila kuchagua, uziachie kutoka kimo cha kifua ziangukie udongo wa kawaida. Ikivunjika moja, tafuteni sababu. Zikivunjika mbili, mzigo wote urudi. Kwaruza pia kwa msumari: ukichimba mfereji kirahisi, simenti haipo.

Kwa kikundi kinachojenga nyumba 20 na kuendelea, angalieni tofali za udongo-saruji za kufungamana. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezitangaza miaka mingi na wamefundisha vikundi. Tofali ni sentimita 30 kwa 15 kwa 10, zinaingia 33 au 34 kwa mita ya mraba, na hazihitaji mchanganyiko wa simenti wa kuunganishia kila mstari. Lakini msinunue mashine kabla ya kupima udongo. Tengeneza kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4 kwa ndani, kipake mafuta, ujaze udongo uliolowa vizuri, uache kivulini wiki moja. Udongo ukinywea milimita 15 hivi au pungufu, simenti kidogo inatosha. Ukinywea 30, mfinyanzi ni mwingi, ongeza mchanga. Ukizidi 60, achana na udongo huo. Maeneo mengi ya pwani yana mchanga mtupu juu na udongo mwekundu unaofaa chini yake, kwa hiyo chimbeni kimo cha mtu kabla ya kuamua.

#8 Asasi_Changa

FundiTofali, Mungu akubariki, hii naichapisha na kuibandika ofisini. Swali kwa wanasheria: hati iandikwe jina la nani? Mfadhili anataka iwe ya asasi.

#9 Wakili_Kata

Isiwe ya asasi. Shirika lisilo la kiserikali haliwezi kugawa mali kwa wanachama au wanufaika kama faida. Likifungwa au likigombana ndani, ardhi inafuata katiba ya shirika, si jasho la waliolipa 2,000 kila siku. Ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 una wanachama wenye hisa, mkutano mkuu na ukaguzi. Asasi ibaki mlezi: mafunzo, wataalamu, mazungumzo na halmashauri. Mfadhili akiogopa, awekewe kipengele kwenye mkataba kwamba ardhi haiuzwi bila theluthi mbili ya mkutano mkuu.

Usajili: mnaanza kwa afisa ushirika wa halmashauri. Mnahitaji muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, andiko la uhai wa kiuchumi, na rasimu ya masharti. Masharti ndiyo moyo. Yanayosahaulika ni haya: mwanachama akitaka kuondoka anauza kwa nani na kwa bei gani, akishindwa kuchangia miezi mitatu inakuwaje, mpangaji wake ana haki gani, na jina la mwenzi wa ndoa linaandikwa wapi. Majina ya wanandoa wote wawili yaingie kwenye daftari tangu mwanzo. Ardhi ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mabaraza ya ardhi yamejaa kesi za aliyesahau hilo.

Kununua shamba lisilopimwa: mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa kumjua muuzaji, si mamlaka ya kuthibitisha umiliki. Majirani wa pande nne wawepo na watie saini. Muulizeni muuzaji alipataje. Akisema urithi, atoe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na warithi wote wafike. Mrithi mmoja kuuza shamba la wote ndiyo balaa ya kawaida kuliko zote. Nendeni idara ya mipango miji muone kama eneo limeshachorwa kuwa kitu kingine. Pimeni mita 60 kutoka mtoni, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, na muangalie hifadhi ya barabara, njia ya umeme na bomba la gesi. Malipo yawe kwa awamu, sehemu kubwa ya mwisho ikilipwa baada ya mpimaji kuonyesha kwamba ekari kumi ni kumi kweli. Mara nyingi ni nane na nusu.

Baada ya hapo: mchoro wa mipango miji uidhinishwe, upimaji na bikoni (alama za mipaka), ramani ya upimaji iidhinishwe, ndipo hati. Kwa majengo ya kuungana au ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake.

#10 Kijiji_Huruma

Wakili, hapo kwenye hati ya kila mmoja sikubaliani kabisa. Ukishampa kila mtu karatasi yake, ndani ya miaka michache wenye pesa wamenunua nusu ya mtaa. Mtaa wa Tanzania-Bondeni, Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulichagua njia nyingine: ardhi ikamilikiwa kwa pamoja kwa ajili ya jamii, familia zikamiliki nyumba zilizo juu yake. Ukiondoka unauza nyumba, huuzi udongo.

#11 Wakili_Kata

Ndugu yangu, nakubali hatari uliyoitaja, ila Voi yenyewe ilionyesha gharama ya pili: ilibidi vyombo viwili, jumuiya ya wakazi na wadhamini wa ardhi, na ofisi za serikali hazikuzoea mfumo huo, kwa hiyo kila hatua ilikuwa ndefu. Na benki haishiki nyumba isiyo na ardhi. Pendekezo langu ni la katikati: hati mama ibaki ya ushirika mpaka deni la mwisho la ardhi na miundombinu liishe. Baada ya hapo mkutano mkuu uamue. Ukiamua kugawa, masharti yabakize haki ya ushirika kununua kwanza ndani ya siku 90.

#12 Kijiji_Huruma

Siku 90 bila mfuko wa kununulia ni maneno ya karatasi tu. Wekeni asilimia fulani ya kila rejesho kwenye mfuko huo, la sivyo mtabaki kutazama nyumba zikiuzwa.

#13 Wakili_Kata

Hilo naliandika kwenye rasimu. Umesema kweli.

#14 Ramani_ya_Mtaa

Maji taka hayajaguswa, na ndiyo yanayofanya mtaa mpya kuwa Uswahilini mpya. Viwanja vya mita 150 kila kimoja kikichimba shimo lake, na maji ya ardhini yakiwa mita mbili chini, mvua za masika vyote vinapanda juu pamoja, na visima vinaharibika. Kwa msongamano huo tumieni bomba dogo la pamoja. CCI na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, walifanya hivyo Vingunguti, maji taka yakielekea kwenye mabwawa yaliyopo.

Vipimo vya kawaida: bomba la PVC la milimita 100, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili, kina cha sentimita 40 likipita vichochoroni kusikofika gari. Chemba kila linapokata kona na kila nyumba inapounganisha. Linaziba kwa mambo mawili, mchanga na mafuta ya jikoni. Kwa hiyo kila nyumba iwe na kichemba cha kunasa kabla ya kuunganishwa, na mtu mwenye jina na simu wa kukisafisha kila mwezi. Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walichimba mitaro ya mvua kwa mikataba ya jamii, kazi safi. Mtaro wowote wa aina hiyo hufa siku taka ngumu zinapokosa mtu wa kuzikusanya. Bajeti ya usafi iingie kabla ya bajeti ya kuchimba.

Na kama mnataka halmashauri ichangie barabara au bomba kuu, ombi lipite mkutano mkuu wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kabla ya Novemba. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mafungu yanapangwa miezi mingi kabla. Ukipeleka barua Aprili umechelewa mwaka mzima.

#15 MamaHisa

Tumewasahau wapangaji ambao hawatanunua kiwanja leo wala kesho, na hao ndio wengi. Kinachowaumiza Dar ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 50,000 kinadai 300,000 siku moja. Kikundi kikiwa na mfuko wa kodi, kinamlipa mwenye nyumba 300,000, mwanachama anarudisha 51,500 kwa mwezi kwa miezi sita. Elfu tisa zilizozidi ni za kufidia wanaochelewa. Milioni sita inahudumia kaya 20, na baada ya miezi sita inazunguka tena. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mkataba uandikwe, na asasi iombe kitu mbadala wake: kodi isipande mwaka mzima, choo kirekebishwe. Mwenye nyumba anayelipwa kwa uhakika hukubali. Asasi inaweza kuanza hili mwezi ujao, bila ekari hata moja.

#16 Asasi_Changa

Swali la mwisho kutoka kwa akina mama: mwanachama akifariki kabla nyumba haijaisha, michango yake inakwenda wapi? Ndugu wa mume hufika kabla ya arobaini.

#17 Wakili_Kata

Siku ya kujiunga kila mwanachama ajaze fomu ya mteuliwa: jina, uhusiano, picha, saini mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu. Irudiwe kila mwaka kwenye mkutano mkuu, kwa sababu watu huoa, huachana na huzaa. Nakala moja ushirika, moja kwa mwanachama, moja kwa mteuliwa mwenyewe. Mteuliwa anashika nafasi na kuendelea kulipa ili kiwanja kisitaifishwe na masharti ya miezi mitatu, huku mirathi ikienda mahakamani kama kawaida. Msiwape ndugu fedha taslimu kwa huruma ya msibani. Katibu aseme maneno machache tu: "Poleni sana. Nafasi ya marehemu ipo salama, tunasubiri barua ya mahakama."